Kizimba na Anga: Maoni juu ya Hadithi za Ajabu katika Kiswahili

Aghalabu husikika katika kumbi za mihadhara ya kwamba Kiswahili hakina hadithi za kisayansi wala za kutisha zinazostahili jina hilo. Wasemao hivyo wana kipimo kimoja: filamu za kigeni za vyombo vya angani na wanyonya damu ambazo kwa miaka mingi zilionyeshwa katika majumba ya sinema ya katikati ya Nairobi, mathalani Kenya Cinema iliyokuwa Moi Avenue. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba kipimo hicho si chetu, na kwamba hadithi zetu za ajabu zina chimbuko la namna yake.

Yafaa tuanze na tofauti. Katika The First Men in the Moon (1901) ya H. G. Wells, safari yazaliwa na uvumbuzi: mwanasayansi Cavor atengeneza kitu kinachozuia mvuto wa dunia. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, nchi yenyewe yaelea angani, lakini hatuonyeshwi mtambo wo wote. Tunaonyeshwa mshitakiwa. Karama ameshitakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, na safari za wajumbe sita, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, twazisikia kwa kinywa chake akijitetea. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi yake, naye akatupwa gerezani. Ajabu hapa ni ushahidi unaotolewa mbele ya baraza.

Miaka 44 baadaye mfano huo ulirudi Nairobi. Katama Mkangi, aliyekuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 riwaya yake Walenisi ilichapishwa na East African Educational Publishers, ambao wakati huo walikuwa na ofisi zao Westlands, magharibi ya jiji. Shujaa wake, Dzombo, amehukumiwa kufa, naye atiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili akaangamie. Badala ya kuangamia, ajifunza kukiongoza, akafika katika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Chombo cha angani, ambacho kwa Wells ni fahari ya mvumbuzi, kwa Mkangi ni kitanzi.

Wahakiki wengi huisoma Walenisi kama istiara ya siasa, wakaishia hapo. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya haki yake. Dzombo hakuokolewa na malaika wala na hirizi; aliokolewa na kule kuuelewa mtambo uliokusudiwa kumwua. Sayansi, basi, si pambo katika riwaya hii. Sikatai ya kwamba ina kasoro: baada ya shujaa kutua, mazungumzo mara nyingi hugeuka hotuba, na mwendo wa hadithi ukapungua. Hata hivyo, kurasa za safari ni miongoni mwa zile ninazozipenda zaidi katika nathari yetu.

Hadithi za kutisha nazo zafuata njia hiyo hiyo. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation, mzuka wa babu wamjia mjukuu wake K, mtu mwenye cheo, ukamwonyesha dhiki ya watu aliowasahau. Kinachotisha si kaburi kufunguka, bali ni mashitaka ambayo mshitakiwa hawezi kuyakana.

Hapana budi kuitaja pia filamu ya Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Katika dunia iliyokaushwa na vita vya maji, Asha aomba ruhusa ya kutoka nje ili akapande mbegu. Baraza lamkatalia, ndipo atoroka. Msomaji wa Kusadikika atalitambua baraza hilo mara moja. Lakini jina la filamu ni la Kiswahili, na maneno machache yasemwayo ndani yake ni ya Kiingereza. Jambo hili ndilo linalonitia wasiwasi. Iwapo sisi walimu tutaendelea kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili hakina mapokeo ya aina hii, tusishangae watakapoitumia lugha yao kwa anwani tu.

Kwa kumalizia, napendekeza kazi hizi zifundishwe pamoja, tangu Kusadikika hadi Pumzi, nao wanafunzi waulizwe swali moja: ni nani ameshitakiwa, na ni nani anayehukumu? Naamini jibu litatupatia kipimo chetu wenyewe.