Binti aliyeishtaki wilaya ili akimbie na wenzake

Aprili 2026 imetimia miaka 20 tangu Jaji Andre Davis wa mahakama ya shirikisho huko Maryland, Marekani, aamuru kwamba Tatyana McFadden, mwanafunzi wa sekondari ya Atholton na mkimbiaji wa kiti mwendo, aruhusiwe kukimbia uwanja mmoja na kwa wakati mmoja na wenzake. Waandishi wa michezo wakimtaja Tatyana huhesabu medali. Kesi ile, ambayo kwangu inazishinda medali zote, hupewa mstari mmoja au inarukwa kabisa.

Alizaliwa Leningrad mwaka 1989 akiwa na mgongo wazi, akalelewa katika kituo cha watoto yatima bila kiti mwendo. Watoto wengine wakikimbia, yeye aliwafuata kwa mikono. Mabega yake yalikomazwa na sakafu ya kituo kile. Deborah McFadden, wakati huo kamishna wa serikali ya Marekani wa masuala ya watu wenye ulemavu, alifika pale kikazi, akamwasili mwaka 1994. Tatyana alianza michezo na klabu ya watoto ya Bennett Blazers jijini Baltimore, na mwaka 2004, akiwa na miaka 15, akatoka Paralimpiki ya Athens na fedha ya mita 100 na shaba ya mita 200.

Akarudi nyumbani kuomba nafasi katika timu ya shule, wakamnyima hata sare. Baadaye aliruhusiwa kushindana, lakini peke yake: wenzake wanamaliza, wanatoka, ndipo yeye anazungushwa uwanjani mbele ya watazamaji bila mtu wa kushindana naye. Hebu fikiria mshindi wa medali za Paralimpiki akitendewa hivyo na shule yake mwenyewe!

Wilaya iliyosimamia shule hiyo ilijitetea kwamba kiti chake kingehatarisha wakimbiaji na kumpa faida isiyo ya haki. Mama yake, aliyeshiriki kuandika sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, hakukubali. Wakaenda mahakamani. Hawakudai hata senti ya fidia. Walidai mtoto akimbie na wenzake.

Ushindi ulikuja na uchungu wake. Tatyana amesimulia jinsi watazamaji walivyomzomea. Mei 2006, katika mashindano ya jimbo, mwenzake wa timu aliondolewa kwenye matokeo kwa madai kwamba Tatyana alimsaidia kushika kasi, na Atholton ikakosa ubingwa. Lawama akabebeshwa binti wa miaka 17, wakati waliostahili kulaumiwa ni watu wazima walioshindwa kuweka kanuni zinazoeleweka. Kesi ya pili, iliyohusu pointi zake kwa timu, haikumwendea vizuri.

Hata hivyo, mwaka 2008 Maryland ilipitisha sheria ya kuwafungulia michezo ya shule wanafunzi wenye ulemavu, na mwaka 2013 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatoa mwongozo kama huo kwa nchi nzima. Mwaka huohuo Tatyana alishinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York.

Mdogo wake Hannah, aliyeasiliwa kutoka Albania, alisoma Atholton na kukimbia na wenzake bila kwenda mahakamani. Mwaka 2012, kwenye Paralimpiki ya London, dada hao wawili walipanga mstari mmoja katika fainali ya mita 100.