Ndege wa mwezi wa tatu Bukavu, na bundi wa Itombwe

Bukavu – Mwezi mzima wa tatu nimekuwa nikiandika katika daftari ndege ninaowaona kati ya nyumba yetu ya Ibanda na studio ya redio. Ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, asubuhi na jioni.

Mwewe hawakosi hata siku moja, kwani soko la Kadutu linawalisha. Kando ya ziwa kuna mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mabawa kisha anajitupa majini kama jiwe. Anakamata sambaza. Wazee wanakumbuka kwamba zamani ziwa Kivu halikuwa na sambaza: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo babu wa mdiria huyu alikula chakula kingine.

Mbayuwayu walijaa kwenye waya za umeme juma la kwanza. Juma la mwisho nilihesabu wanane tu. Wanarudi Ulaya kuzaa, na mwezi wa tisa au wa kumi watakuwa hapa tena. Wao hawaombi viza.

Kuandika ndege kwa daftari si jambo geni katika mkoa wetu. Wakati wa Wabeleji, mji huu ukiitwa Costermansville, Alexandre Prigogine alifanya kazi ya madini Kivu, na huku akikusanya ndege wa milima yetu kwa miaka mingi. Ndugu yake Ilya alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1977, basi dunia inamjua huyo. Kwetu, mwenye maana zaidi ni Alexandre.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1951, bundi mdogo alipatikana Muusi, katika milima ya Itombwe. Mwaka uliofuata, Mbeleji Henri Schouteden alimpa jina la kisayansi: Phodilus prigoginei. Mwili wake ulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Baadaye ikapita miaka 45 bila mtafiti yeyote kumshika mwingine. Mwaka wa 1996 watafiti walimnasa wa pili kwa wavu katika Itombwe, wakampiga picha, wakamwachilia. Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, vita vya AFDL vilikuwa vimewaka katika mkoa wetu, na kazi ya kutafuta bundi ikawa mzaha.

Ndege huyu anatambulika kwa sababu mtu aliandika mahali na tarehe. Watu wa Itombwe waliishi karibu naye tangu zamani, lakini kwetu bundi ni ndege ya uchawi. Akilia juu ya nyumba, watu wanatafuta mawe, na hakuna anayeuliza ni bundi wa aina gani. Hata mimi nililelewa hivyo.

Tarehe 19 mmoja alitua kwenye mti wa avoka nyuma ya nyumba yetu. Hakuwa yule wa Itombwe, maana huyo ni wa misitu ya milimani. Vijana wa jirani wakamfukuza kwa mawe kabla sijaona uso wake. Katika daftari nimeandika: bundi, saa moja ya jioni, aina haikujulikana.