Omuteko, Ebyebugo na Mashujaa Vijana wa Buhaya

Katika nchi za Ulaya na Marekani umeenea mchezo ambao Kiswahili bado hakijaupa jina lililokubaliwa na wote. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajitungia mtu wa hadithi, akampa jina, tabia na uwezo; mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Kete hutupwa pale jambo linapokuwa na shaka, na hadithi huendelea kwa mazungumzo yao hata mwisho wake. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974, nao ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1981 ulifuata Champions, uliowahusu mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Na mwaka 2016 Brendan Conway alitoa Masks, ambao mashujaa wake wote ni vijana wasiotimia utu uzima, walioungana kuwa kikosi kimoja.

Makala haya hayakusudii kufundisha mchezo huo. Yanakusudia kuuliza swali la historia: je, kuunda kikosi cha mashujaa vijana, kila mmoja na jina lake na uwezo wake, ni jambo geni kwa watu wa Bukoba na Muleba? Yafaa kuuliza, kwa sababu mambo yatokayo ng'ambo aghalabu hupokewa kana kwamba yamefika katika nyumba tupu. Katika Buhaya nyumba haikuwa tupu. Kulikuwa na desturi ya kuwakusanya vijana, kulikuwa na sanaa ya kujitungia sifa, na kulikuwa na masimulizi ya kundi la wenye nguvu waliogawana ulimwengu. Zikitazamwa pamoja, desturi hizi tatu zaonyesha wazo moja: ushujaa wa kijana ulihesabiwa kuwa deni kabla haujawa sifa.

Nchi inayozungumzwa iko magharibi ya Ziwa Viktoria. Zamani iligawanyika katika tawala kadhaa, kila moja na mukama wake: Kiziba kaskazini, chini ya ukoo wa Wabito; kisha Bugabo, Kyamutwara, Maruku na Kianja; na kusini Ihangiro ya Wahinda, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Muleba. Habari za tawala hizi ziliandikwa mapema. Hermann Rehse alichapisha kitabu chake juu ya Kiziba kwa Kijerumani mwaka 1910. Hans Cory na Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya mwaka 1945. Na mwaka 1949 F. X. Lwamgira alitoa historia ya Kiziba na wafalme wake kwa lugha ya Kihaya yenyewe. Kazi ya Lwamgira ina heshima ya peke yake, kwa kuwa ndani yake Mhaya anawasimulia Wahaya habari zao.

Desturi ya kwanza ni omuteko. Neno hili ni la ngeli ya mu-/mi-: omuteko mmoja, emiteko mingi. Linataja watu, lakini halimo katika ngeli ya watu. Ndivyo yalivyo pia maneno ya Kiswahili kama msafara na mkutano: kinachotajwa si mtu mmoja mmoja bali umbo linalofanywa na wengi wakiwa pamoja. Omuteko ulikuwa kundi la wavulana wa rika moja, waliokusanywa kutoka vijijini, wakawekwa chini ya uangalizi wa wakubwa, na kupelekwa kwa vipindi kikale, yaani kwenye makao ya mukama. Huko walifunzwa utumishi, adabu ya maneno, michezo ya nguvu, uvumilivu na matumizi ya silaha. Walitazamwa na kupimwa. Wengi walirudi nyumbani kuendelea na migomba na mifugo. Aliyeonekana kuwa na uwezo wa pekee aliweza kubakizwa katika utumishi wa mukama, na kwa njia hiyo mtoto wa mtu asiye na cheo aliweza kupanda.

Ni vema kuona jinsi mpango huu ulivyofanya kazi. Kijana hakujichagua. Hakuingia omuteko kwa kuwa tayari ni shujaa, bali aliingia kwa kuwa ni wa rika fulani na wa kijiji fulani. Tofauti za uwezo zilidhihirika baadaye, ndani ya kundi, mbele ya macho ya wenzake. Mwepesi wa mbio alijulikana kuwa mwepesi kwa kuwa wengine walikimbia naye; msemaji alijulikana kwa kuwa wengine walikaa kimya wamsikilize. Kwa hiyo kikosi kilitangulia na shujaa akafuata. Tena kila sifa aliyoipata ilikuwa na mwenye kuidai: mukama aliyemlisha, wakubwa waliomfunza, na kijiji kilichomtoa.

Hapana budi kusema pia upungufu wa desturi hii. Omuteko ulikuwa wa wavulana tu, na madhumuni yake yalikuwa kumtumikia mtawala. Ulifungua mlango kwa wenye uwezo, lakini mlango huo ulielekea kikale. Anayeusifu kana kwamba ulikuwa shule ya hiari hajausoma vizuri.

Desturi ya pili ni ya lugha, nayo yawahusu zaidi wanaoshughulika na isimu na fasihi. Ni ebyebugo, majigambo ya kishujaa. Kitenzi chake ni okwebuga, na ndani yake mna kiambishi -e-, ambacho katika Kihaya hufanya kazi ile ile ya -ji- katika Kiswahili: tendo linamrudia mtendaji. Mwanamume alisimama mbele ya mukama na mbele ya watu, silaha mkononi, akajitaja kwa majina aliyojipa na kwa matendo aliyodai kuyatenda. Jirani zao wa Ankole, ng'ambo ya mpaka katika Uganda, wana sanaa iliyo ndugu ya hii, nayo ilikusanywa na kuchapishwa na H. F. Morris mwaka 1964.

Anayesikia neno kujigamba hudhani kwamba ni sanaa ya mtu mmoja anayejipenda. Sivyo. Kiambishi cha kujirejea kisimpotoshe msomaji. Majigambo hayana maana pasipo wasikilizaji, na wasikilizaji hawa si wageni: ni watu wa rika lake, waliolala naye nyumba moja, waliomwona akikimbia na waliomwona akianguka. Aliyesema maneno matupu aliyasema mbele ya mashahidi. Zaidi ya hayo, majigambo yalikuwa pia ahadi. Kijana aliyejiita kwa jina la mkali wa vita alikuwa amejifunga, maana siku vita itakapokuja atadaiwa jina lake. Hapa twaona tena deni, safari hii likiwa limefungwa katika maneno: jina la shujaa linachukuliwa kwanza, na linalipwa baadaye kwa vitendo.

Desturi ya tatu ni masimulizi ya Bachwezi. Wahaya, kama watu wengi wa nchi za maziwa makuu, wamesimulia habari za kundi la wakuu wa kale waliokuwa na nguvu zisizo za kawaida, na ambao baada ya kutoweka kwao waliheshimiwa kama mizimu. Mkuu wao ni Wamara, mwenye mamlaka juu ya roho za waliokufa. Mugasha ana maji, ziwa na dhoruba. Irungu ana pori, wanyama wake na wawindaji. Kazoba ana jua na mwezi. Ryangombe ana ng'ombe. Mtungaji wa mchezo wa mezani angeona mara moja uzuri wa mgawanyo huu: hakuna wawili wenye nguvu moja, na hakuna mmoja anayeweza kuuendesha ulimwengu peke yake. Mvuvi wa pwani ya Muleba, mwindaji na mfugaji, kila mmoja alijua wa kumwelekea.

Katika simulizi moja Wamara na wenzake walishuka katika nchi ya Kintu, mtawala wa kuzimu. Walipokewa kwa ukarimu, wakapewa ng'ombe na mbegu, wakarudi duniani na neema hiyo. Kisha wakasahau. Miaka ikapita bila shukrani kurudishwa, hata Kintu akamtuma Rufu kuwafuata. Rufu ni kifo, na jina lake linatokana na shina lile lile la kitenzi kufa. Wenye nguvu zote hizo, waliokuwa na maji, pori, jua na ng'ombe, hawakuweza kumshinda, wakatoweka duniani.

Kisa hiki chastahili kufikiriwa kwa utulivu. Hakisemi kwamba mashujaa waliangamia kwa sababu adui alikuwa na nguvu kuliko wao, wala kwa sababu waligombana. Waliangamia kwa sababu walipokea na hawakulipa. Tena kosa halikuwa la mmoja. Wote walikula neema, wote wakasahau, na wote wakafuatwa. Deni la kikosi ni la kikosi kizima.

Mahali ambapo wazo hili linapata mtihani wake mkubwa ni katika tenzi za enanga. Enanga ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa kama kihori, na mpigaji wake ndiye mwimbaji na msimulizi. Tenzi kama Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha zimesimuliwa kwa ala hiyo, na Habib Selemani alikuwa miongoni mwa wapigaji waliosifika. M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti mrefu, akawasilisha tasnifu juu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Naye Peter Seitel, aliyekwisha kuchapisha ngano za Wahaya mwaka 1980, alizichambua pamoja na fani nyingine katika kitabu cha mwaka 1999. Kazi za wataalamu hawa zilisaidia kuvunja dai la zamani kwamba Afrika haina tendi.

Katika tendi hizi shujaa aghalabu husimama peke yake, mbele ya mamlaka ya mfalme, ya ukoo au ya mizimu. Yamkini msomaji atasema kwamba jambo hili linaipinga hoja ya makala haya. Kwa kweli linaithibitisha. Utendi unakuwa mzito kwa sababu msikilizaji anajua shujaa huyo ametoka wapi: alikuwa na rika, alikuwa na mukama, alikuwa na ukoo. Kusimama kwake peke yake ni kukata kamba zilizomfunga, na utendi unauliza kamba hizo zinapokatika ni nani atakayelipa. Katika nchi ambamo kila mtu angekuwa peke yake, hadithi ya namna hiyo isingekuwa na uchungu.

Mambo haya yalibadilika kwa hatua. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Vita baina ya tawala vilipokomeshwa, mafunzo ya silaha yalipoteza kazi yake. Na shule ilipoanza kuwakusanya watoto wa rika moja, ilichukua nafasi iliyokuwa ya omuteko, ikiwa na kalamu mahali pa mkuki. Waingereza walishika nchi mwaka 1916 na kuwaacha watawala wa jadi chini ya serikali yao. Mwaka 1963, baada ya uhuru, vyeo vya machifu viliondolewa kisheria katika Tanganyika. Pasipo kikale, majigambo mbele ya mukama hayakuwa na mahali pa kusemewa. Enanga iliishi zaidi, kwa kuwa msikilizaji wake hakuwa mfalme peke yake.

Sasa yafaa kurudi mezani. Katika Masks wachezaji hawaanzi kwa kupima nguvu. Kila mmoja huchagua aina ya kijana atakayekuwa, kisha wote pamoja hujibu maswali: kikosi kilikutanaje mara ya kwanza, kilimwokoa nani, na kila mmoja anamwonaje mwenzake. Tena kijana ana vipimo vitano vya namna anavyojiona, yaani hatari, kioja, mwokozi, bora na mtu wa kawaida. Navyo hupanda na kushuka kwa maneno anayoambiwa, hasa na watu wazima wenye uzito kwake. Mzee wa Ihangiro wa zamani asingehitaji maelezo marefu. Angejua kwamba kijana anafanywa na rika lake, na kwamba neno la mkubwa laweza kumwinua au kumvunja. Kinachotofautiana ni mlango: mezani msichana anaingia sawa na mvulana, na hakuna anayemtumikia mukama. Katika jambo hilo mchezo umeipita desturi.

Lakini katika jambo jingine desturi ndiyo iliyotangulia mbele zaidi. Mashujaa wengi wa hadithi za kisasa hupewa nguvu bure, kwa ajali au kwa kuzaliwa, na swali lao kubwa ni wafanye nini nazo. Bachwezi wanauliza swali jingine: mmezipata kwa nani, na mtazilipaje? Vijana wa Bukoba na Muleba watakapotunga vikosi vyao, kwa mchezo, kwa riwaya au kwa picha, hawatakosa majina. Omuteko ni jina la kikosi lililo tayari. Ebyebugo ni namna ya kumtambulisha shujaa mbele ya wenzake. Mugasha na Irungu wanayo maji na pori. Kazi ya wataalamu wa lugha ni kuhakikisha kwamba maneno haya yanakusanywa na kufafanuliwa pamoja na masharti yake, wakati wazee wanaoyajua wangali wapo. Maana neno likihifadhiwa pasipo deni lililomo ndani yake, kilichobaki ni sauti tu.