Mimi Nilituma Faili Tu

Kila wiki lazima msee mmoja aniingilie inboksi na swali lile lile: "Bro, una app ya kuona WhatsApp ya dem wangu?" Wengine hujitetea hata kabla sijauliza kitu. Ati ni ya kujifunza tu. Ati hawataumiza mtu. Leo sijibu mmoja mmoja. Wacha niwapeleke Manila, mwaka wa 2000, halafu turudi huku nyumbani niwaambie kitu sijawahi kusema hapa.

Tarehe 4 Mei 2000, watu walifika kazini wakapata barua pepe imeandikwa ILOVEYOU. Na haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa mtu unamjua: bosi, mteja, binamu. Ndani kulikuwa na faili inaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati huo ilikuwa inaficha zile herufi za mwisho, kwa hivyo wengi waliona TXT wakajua ni barua tu. Kumbe hiyo vbs ndiyo kusema ni programu. Ukiifungua tu, inajituma kwa kila mtu kwenye orodha yako ya Outlook. Inajiandika juu ya picha zako, na zikienda zimeenda. Halafu inajaribu kushusha programu nyingine ya kuiba paswadi.

Ndani ya siku chache kompyuta mamilioni zilikuwa zimeshikwa, dunia nzima. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake. Pentagon pia. Hebu fikiria, jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani limepigwa chini na barua ya mapenzi.

Polisi walifuata nyayo hadi kwa kijana anaitwa Onel de Guzman, aliyekuwa anasomea kompyuta Manila. Hapa ndipo hadithi inanigusa, kwa sababu huyu jamaa hakumaliza chuo, kama mimi tu. Alikuwa ameandika pendekezo la mradi wake wa mwisho: programu ya kuiba paswadi za intaneti, ndiyo watu wasio na pesa waingie mtandaoni bure. Chuo kilikataa. Kilimwambia hakizalishi wezi.

Na mimi namwelewa, sitadanganya. Intaneti ya wakati huo ilikuwa ya kulipia, na Manila kuna watu wengi maskini. Wewe mwenyewe umewahi kusimama nje ya duka la mtu ukiwinda WiFi. Kiu ya mtandao naijua.

Lakini angalia alichofanya baadaye. Kwa maelezo aliyotoa mwenyewe miaka 20 baadaye, alipopatikana na mwandishi mmoja akiwa na kibanda cha kurekebisha simu huko Manila, programu yake ya kwanza ilikuwa inalenga watu wa Manila pekee. Halafu akaibadilisha. Akatoa ule mpaka, akaongeza uwezo wa kujisambaza yenyewe, akaipa jina la mapenzi kwa sababu alijua watu wanatafuta kupendwa. Akaituma kwa mtu mmoja, kisha akatoka kwenda kunywa pombe na rafiki yake. Alisema hakutarajia ingefika mbali hivyo, na kwamba anajuta.

Mimi naamini anajuta. Lakini ule mpaka haukujitoa wenyewe. Kuna dakika alikaa mbele ya kompyuta, akauona, akaufuta. Kwangu, hatia iko kwa hiyo dakika, hata kama hayo mamilioni ya kompyuta hayakuwa kwa mawazo yake.

Hakufungwa. Ufilipino haikuwa na sheria ya kutengeneza virusi, na huwezi kumshtaki mtu kwa sheria ambayo haikuwepo siku alipotenda. Juni mwaka huo huo wakapitisha moja, lakini yeye alikuwa ameshapita. Mashtaka yakaondolewa Agosti.

Linganisha na Robert Tappan Morris, Marekani. Novemba 1988, huyu mwanafunzi wa Cornell aliachilia mnyoo kwenye intaneti, wakati mtandao wote ulikuwa na kompyuta kama 60,000. Mnyoo ulikuwa unauliza kompyuta: uko na mimi tayari? Shida ni, mara moja kwa kila saba ulikuwa unajinakili hata ukijibiwa ndiyo, ndiyo watu wasiudanganye. Hesabu hiyo ikamlipukia. Nakala zilirundikana hadi mashine zikalemewa, inakadiriwa 6,000. Rafiki yake alijaribu kutuma ujumbe wa kuomba msamaha na maelekezo ya kuuzuia, lakini mtandao ulikuwa umeziba, ujumbe ukachelewa. Morris alipelekwa kortini, akapatikana na hatia mwaka wa 1990: miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii, na faini ya zaidi ya dola 10,000. Baadaye akawa profesa MIT.

Mmoja sheria ilimpata, mwingine ikamkosa. Lakini swali la nani alifanya halikubadilika kwa yeyote kati yao.

Sasa turudi nyumbani. Nikiwa mwaka wa pili, kabla niache chuo, nilikuwa fundi wa hosteli. Nilikuwa na programu ya kurekodi kila kitu mtu anachapa kwenye kibodi. Jirani yangu akaniomba, ati anataka kuweka kwa laptopu yake ajue nani anaitumia. Nilijua anadanganya. Laptopu yenyewe hakuwa nayo. Nikamwekea kwa flashi, akanipa mia mbili.

Aliiweka kwa laptopu ya msichana wa darasa lao. Wiki mbili baadaye, mazungumzo ya huyo dada na mamake, mambo ya ugonjwa na karo, yalikuwa kwa grupu ya darasa, watu wanacheka. Muhula huo hakurudi darasani tena. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza chochote. Nilijiambia mimi nilituma faili tu.

Hapa Kenya tuko na sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018, na najua tumeilalamikia sana kwa vile imetumiwa kwa mabloga. Lakini hata kutengeneza au kumpa mtu programu ya kuingilia kompyuta ya mwingine imo humo. Kwa hivyo "nilituma tu" haikuokoi kortini. Na hata ingekuokoa, bado unabaki na wewe mwenyewe usiku.

Mwezi uliopita nilimtafuta huyo dada nikamweleza. Aliuliza swali moja tu: alikulipa ngapi? Nikamwambia mia mbili. Hajajibu tena, na sina haki ya kumsumbua ajibu.

Kwa hivyo wewe unayeniandikia inboksi: hapana. Kama unapenda hizi vitu, kuna kampuni zinalipa watu kutafuta mashimo kwenye mifumo yao, kwa ruhusa yao. Niulize hiyo, nitakaa na wewe hata usiku mzima. Lakini simu ya dem wako si yako, na mimi sitakuwa yule msee alikupa faili.