Uzi Uliokatika: Asili ya Kaizen na Safari Yake Hadi Mbeya

Kaizen ni neno la Kijapani lenye maana ya kubadili jambo liwe bora, na ingawa katika Afrika Mashariki wengi hulifahamu kupitia mabango ya usafi yanayobandikwa kwenye kuta za karakana na wodi, sehemu muhimu ya asili yake imo katika mashine za kufuma nguo za Kijapani.

Mwaka 1924 mvumbuzi Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe pindi uzi wa mtande au wa mshindio ulipokatika. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kuikodolea macho mashine yake muda wote, kwa sababu ikiendelea kwenda baada ya uzi kukatika ilitoa kitambaa kibovu, lakini mashine mpya ilimwezesha mtu mmoja kuhudumia mashine nyingi kwa pamoja bila kupitisha kasoro. Kanuni hiyo, ya kazi kusimama papo hapo kasoro inapotokea, ndiyo baadaye ilikuja kuitwa jidoka. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za kuitengeneza mashine hiyo, na mwaka 1937 Kiichiro, mwana wa Sakichi, akaanzisha kampuni ya magari ya Toyota.

Aliyeihamisha kanuni hiyo kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye vyuma ni Taiichi Ohno, mhandisi aliyeanzia katika kiwanda cha nguo cha akina Toyoda na kuhamia kwenye magari mwaka 1943. Alikuta kampuni maskini, isiyo na fedha za kurundika vipuri ghalani wala soko la kumeza maelfu ya magari ya aina moja, hivyo akajiuliza jinsi ya kutengeneza kile tu kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, wakati kinapohitajika. Jibu alilipata kwa kutafakari maduka makubwa ya kujihudumia ya Marekani, ambamo rafu hujazwa tena baada ya mteja kuchukua bidhaa. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa kanban, yaani kadi inayotoka hatua ya mbele ya kazi kwenda hatua ya nyuma kuagiza vipuri vilivyokwisha kutumika. Kila kisichomwongezea mteja thamani, kama vile kusubiri, kubebabeba mizigo na kulimbikiza akiba, Ohno alikiita muda, neno ambalo kwa Kijapani maana yake ni upotevu, na ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kushtuka.

Katika mstari wa kuunganisha magari, mfanyakazi alipewa uwezo wa kuita msaada na, tatizo lisipotatuliwa, kuusimamisha mstari mzima. Hiki ndicho kiini cha historia yote hii. Katika ofisi na viwanda vyetu kusimamishwa kazi ni adhabu inayomshukia mfanyakazi. Kwa Toyota, mfanyakazi ndiye aliyeisimamisha kazi, na msimamizi akaja mbio kumsaidia.

Imani ya kumkabidhi mfanyakazi uwezo huo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, ikapunguza wafanyakazi, mgomo mkali ukazuka na Kiichiro akajiuzulu. Mwaka uliofuata kampuni ilianzisha utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, na mwaka 1962 uongozi na chama cha wafanyakazi vikatia saini tamko la pamoja la kuaminiana. Wanaoiga kadi na rangi za sakafuni huku wakiliacha tamko hilo hupunguza kaizen kuwa njia ya kukamua jasho, kwa kuwa hakuna atakayefichua upotevu katika kazi yake akijua kwamba ufichuzi huo utamwondolea ajira.

Marekani nayo ilichangia, kwa mihadhara ya W. Edwards Deming kuhusu udhibiti wa ubora, iliyotolewa Japani mwaka 1950, kisha ikaja kujifunza kwa wanafunzi wake. Mwaka 1984 Toyota na General Motors zilifungua upya kwa ubia kiwanda kilichokuwa kimefungwa huko Fremont, California, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, ambao sasa walitoa magari yenye ubora uliosifiwa. Miaka miwili baadaye kitabu cha Masaaki Imai kililisambaza neno kaizen duniani.

Tanzania iliipokea kaizen kwa nguvu kupitia hospitali. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo kwa Kiswahili zimepewa majina ya sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Hatua hizo huanza na kutenga vinavyohitajika na visivyohitajika, ili muuguzi asipoteze dakika akitafuta kifaa huku mgonjwa akisubiri, na ndizo msingi wa kaizen yenyewe, ambapo wahudumu hukaa pamoja kutafuta chanzo cha tatizo la idara yao na kulitatua kwa vile walivyo navyo.