Utanini

Ubao mweusi umeegemezwa mlangoni pa kibanda umiza cha kutazamia mechi hapa Gongo la Mboto, hatua chache kutoka barabara ya Pugu. Kijana mwenye kibanda anaandika kwa chaki: saa ya mechi, majina ya timu mbili, kiingilio, na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, UGENINI. Hakutaja mji wala uwanja. Neno moja limetosha, na kila apitaye anajua kwamba leo Taifa Stars wako kwa watu.

Nililitazama neno lile mpaka vumbi la chaki likamwisha kijana vidoleni. Ugeni, kisha -ni ya mahali, ile ile ya shambani na mjini. Lakini ugeni si mahali, ni hali. Hakuna kata iitwayo Ugeni. Kiswahili kimechukua hali ya mtu, kikaibandika kiambishi cha mahali, ikawa nchi ya kuingia na kutoka. Basi ugenini ni popote ambapo wewe ndiye mgeni, na nchi hiyo unatembea nayo mwilini.

Tena mgeni wetu ni mmoja. Yule usiyemjua na yule unayemchinjia kuku wanaitwa jina hilo hilo. Anayempokea ni mwenyeji, na ndani ya mwenyeji yumo mwenye mji. Kwa hiyo mtangazaji anaposema "wenyeji wanawakaribisha wageni", hapambi maneno. Anasema kile ambacho maneno yenyewe yamekibeba siku zote: kwamba mechi imeanza kwa hodi na karibu. Ndiyo maana napenda tunavyouita uwanja wetu "kwa Mkapa". Kwa mtu, nyumbani kwake, mahali pa kupigia hodi.

Adabu hiyo iliwahi kutuumiza. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga waliifunga USM Alger 1-0 kule Algiers, kwa penalti ya Djuma Shabani, baada ya kufungwa 2-1 hapa Dar es Salaam. Jumla 2-2, na Kombe la Shirikisho likabaki Algeria. Kibandani mzee mmoja aliuliza mara tatu mbona mbili kwa mbili wamechukua wao. Kijana aliyekaa mbele yake akageuka: "Yao mawili ni ya ugenini, mzee wangu." Mzee akasema, "Ala, ya mgeni," akanyamaza. Hakuhitaji maelezo zaidi. Amelelewa katika nyumba ambamo finyango kubwa huwekwa sahani ya mgeni. Ulaya walikwisha kuifuta mwaka 2021 kanuni hiyo ya kumpa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini jumla ikilingana. Kanuni ikifutwa kote, neno "bao la ugenini" tulitunze, kwa sababu linasema kwamba kufunga kwa mwenzio si sawa na kufunga kwako.

Sasa tusafiri. Kwa basi, kupitia Arusha, hadi Namanga, mpakani. Hapa lugha ina jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni: mpaka ni mstari unaotenga nchi mbili, na mpaka ni neno linalotufikisha, "tumekwenda mpaka Nairobi". Kinachozuia na kinachofikisha vimepewa sauti moja. Kituo cha pale, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, kinaitwa cha huduma kwa pamoja, na mihuri ya nchi mbili hugongwa chini ya paa moja. Pamoja ndilo pia jina lililobeba maombi ya Kenya, Uganda na Tanzania ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wakati mwingine neno dogo la kila siku hushinda istilahi kumi za kamati.

Na kile unachomwonyesha ofisa? Serikali inasema pasipoti au hati ya kusafiria. Wazee wetu walisema pasi. Mimi ningemrudishia shabiki pasi yake, kwa kuwa kiungo hutoa pasi, na shabiki naye anatoa pasi dirishani, anarudishiwa, anasonga mbele.

Tatizo kubwa ni jina la msafiri mwenyewe. Yule aliyejibana kwenye basi kwa saa kumi na kitu, bendera mabegani na chapati kwenye mfuko wa nailoni, tumwite nani? Mashabiki wa ugenini, tunasema, na papo hapo utata unaingia: ni wale waliosafiri au ni wenyeji wa huko?

Shabiki lenyewe nalipenda, ila lina doa. Anayeacha hoja na kushikilia upande huambiwa "huo ushabiki sasa". Mpenzi wa soka ni jina pole mno. Mtu anaweza kuwa mpenzi akiwa amelala kwenye kochi. Mnazi ni la vijiweni, lina nguvu, lakini wapo wanaosikia ndani yake chama cha Hitler badala ya mti wa Pwani, na neno la namna hiyo silipendi livuke mpaka na jezi ya taifa. Mkereketwa je? Kukereketa ni ile kazi ya tumbaku kooni, mwasho usioondoka kwa kumeza mate. Hakuna picha bora ya mtu asiyeweza kubaki nyumbani siku timu yake iko mbali. Siasa imelikalia neno hilo miaka mingi, nasi tuna haki ya kuliazima, ingawa lenyewe halisemi lolote kuhusu safari.

Nilijaribu pia mwandamani, kutoka andama, anayefuata nyuma ya mwenziwe hatua kwa hatua. Zuri mno. Lakini kundi la watu wamevaa rangi moja, wameshika mabango, wanashuka basi mji wa kigeni na kujitambulisha kuwa waandamani, hawatapata nafasi ya kueleza tofauti yao na waandamanaji. Nimeliacha kwa huzuni.

Nililobaki nalo ni msindikizaji. Najua mtakavyopinga: kwenye mpira, kusindikiza ni kushiriki bila tumaini, timu iliyokuja kujaza idadi. Hiyo ni maana ya juzi. Kusindikiza kwa asili ni heshima. Mgeni akiaga unamsindikiza hadi njia panda. Bibi harusi husindikizwa. Hata maiti husindikizwa. Ni kukataa mtu wako aende peke yake. Wachezaji kumi na mmoja wakiingia uwanja ambamo maelfu wanawazomea, na pembeni kabisa kuna kundi dogo la sauti za nyumbani, lile kundi linafanya nini kama si kuwasindikiza? Naomba tulirudishe neno hili kwa wenyewe. Wasindikizaji wa Taifa Stars.

Nilikuwa mmoja wao uwanjani Kasarani, Nairobi, Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2019. Tulikuwa tunatafuta nafasi ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Wiki moja kabla, tarehe 28 Julai, tulikuwa tumetoka na Kenya 0-0 Dar es Salaam. Mama mmoja mwenye beseni alipita kwenye ngazi, nikamwomba karanga. Akanipa, akasema, "Njugu hizi, kaka. Mmetoka Bongo?" Kwangu njugu bila neno la pili ni njugu mawe, ile ngumu ya kuchemsha. Nilikula karanga zake nikiwa najifunza kwamba ugenini wa kwanza umo kwenye kikaratasi cha karanga: lugha moja, na bado ni mgeni. Hakunicheka. Alingoja nimalize kulitafakari neno, ndipo akachukua shilingi zake.

Dakika tisini zikaisha 0-0 tena. Hapa watangazaji wa Tanzania wamefanya kazi ambayo ningependa waandishi wote wa Afrika Mashariki waifuate. Wametenganisha sare na suluhu. Sare ni kwa waliofungana, kama tulivyotoka 1-1 na Zambia kule Ndola Agosti 1979, bao la Peter Tino likatupeleka Lagos, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka uliofuata. Timu mbili zimevaa vazi moja, kila moja na bao lake. Suluhu ni pale ambapo hakuna aliyemgusa mwenziwe. Neno la wazee wa baraza, la kumaliza ugomvi. Anayeandika "sare ya bila kufungana" ametumia maneno matatu ya ziada kusema kitu ambacho tayari kina jina.

Suluhu mbili, basi, na bado mmoja lazima aende. Tukaingia kwenye matuta. Matuta ni ya shambani na ya barabarani, ya kupanda moja baada ya jingine, na kila penalti ni tuta kweli. Mkwaju, jina jingine la pigo hilo, ni mti wa ukwaju mchachu na ni fimbo ya kuchapia. Langoni kwetu alikuwa Juma Kaseja. Tulishinda 4-1.

Kesho yake magazeti yakaandika kwamba tumewang'oa mahasimu. Hapo ndipo kalamu yangu inapopinga. Hasimu ni neno la Kiarabu, na ni la mtu mliyegombana kweli. Kenya na Tanzania tumewahi kuwa mahasimu: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa 1983, na katika miaka hiyo tukawaita manyang'au bila kucheka. Aliyeishi wakati huo anajua tofauti.

Mtani ni mwingine. Mzaramo wa Pugu na Mnyamwezi ni watani: mmoja anaweza kuingia msibani kwa mwenziwe, akalala mahali pa maiti, akadai alipwe ndipo ainuke, na hakuna wa kumkasirikia. Simba na Yanga hatuwaiti mahasimu wa jadi. Tunawaita watani wa jadi, na neno hilo limezuia mengi. Kasarani nilitaniwa dakika mia na zaidi, na mwisho nikaonyeshwa njia ya kituo cha matatu na mtu yule yule aliyenizomea.

Kwa hiyo napendekeza neno. Algiers, Cairo, Berkane ziendelee kuwa ugenini. Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura ziwe utanini. Utani na -ni ya mahali, kwa njia ile ile iliyotupa ugenini. "Jumapili Stars wanacheza utanini." Litamkeni polepole, mara mbili, halafu mwambieni mtu mwingine. Kijana wa kibandani ameniuliza kama nimekosea herufi, nikamweleza, akasema atalijaribu kwenye ubao mechi ijayo na Kenya.

Jambo moja bado linanitesa kwa kukosa jina. Filimbi ikilia, wasindikizaji mara nyingi huambiwa wabaki kwanza jukwaani mpaka wenyeji watoke. Uwanja unabaki mtupu, taa zinawaka, wao wamekaa, sauti zimekauka, hawajaondoka wala hawapo tena kwenye mechi. Maji yakitulia tope likashuka tunasema yametuama. Nimefikiria mtuamo. Mwenye bora zaidi alilete.