Sura ukutani, sura mfukoni

Ingia duka la jumla Mbalizi, kando ya barabara kuu ya Tunduma, uinue macho juu ya rafu za sabuni na chumvi. Mara nyingi utamkuta Mwalimu Nyerere upande mmoja na Rais aliye madarakani upande wa pili. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 19, 2021, kazi ilikuwa ndogo: kung'oa vimisumari nyuma ya fremu, kutoa karatasi ya zamani, kutia mpya. Mwalimu hakuguswa.

Desturi hii ni ya zamani. Ulaya, mwaka 1519, sura ya Kaisari Maximilian wa Kwanza, iliyochorwa na Albrecht Dürer, ilichongwa kwenye ubao, ikapakwa wino, ikapigwa chapa. Kaisari mwenyewe alikuwa ameshazikwa, lakini ubao mmoja haukutosha. Ikabidi kuchonga mwingine, na mwingine tena.

Kwetu, sura ya mtawala ilipenya zaidi kwa njia ya fedha. Rupia ya Wajerumani ya mwaka 1890 ilimwonyesha Kaisari wao, Wilhelm wa Pili, na kofia ya chuma yenye tai utosini. Hakuwahi kukanyaga ardhi hii. Hata hivyo, kodi ya nyumba ilipoanza 1898, mwenye nyumba alipaswa kuisaka rupia hiyo. Aliyeikosa alilipa kwa mazao au kwa jasho. Mtawala hakuhitaji kupendwa, ilitosha atafutwe. Waingereza nao wakaleta shilingi yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano.

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966, kichwa kikawa cha Nyerere, na mwenge upande wa pili wa shilingi. Mwinyi naye aliingia kwenye noti akiwa Ikulu. Wakati wa Mkapa, noti mpya zikampa twiga nafasi hiyo. Nyerere akarudi kwenye noti ya elfu moja baada ya kufariki Oktoba 1999. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha.

Kwa hiyo ukutani aliye madarakani hukaa kando ya Mwalimu, lakini mfuko ni wa marehemu. Jioni sokoni Mbalizi, muuza viazi anapokea buku la elfu moja lililokunjwa mara nne. Analinyoosha kwa kidole gumba, analiinua kwenye mwanga, anakitafuta kile kichwa kilichofichwa ndani ya karatasi. Akikiona, anarudisha chenji.